CloneX, Adam Bomb Squad au Azuki: ukipenda mavazi ya mtaani na sanaa, uchukue ipi?

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alinikuta karakanani nikisukuma wino mweusi kwenye fremu, fulana za timu ya mtaani zimepangwa mezani zikisubiri zamu. Akanipa shikamoo, akavuta kigoda, akaniwekea simu mbele ya uso. Picha tatu. Ya kwanza bomu jeusi lenye macho makali na utambi unaowaka. Ya pili kijana aliyechorwa kwa mtindo wa katuni za Kijapani, kavaa hudi pana, upanga begani. Ya tatu uso wa pande tatu unaong'aa kama mwanasesere, macho yake ya rangirangi yametoka mkononi kwa Takashi Murakami, msanii wa Kijapani.

"Kaka, ungekuwa na hela ya moja tu, ungechukua ipi?"

Siku ile sikumjibu, kazi ilikuwa imenibana. Lakini swali halikunitoka, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wapo vijana wengi waliokua wakichambua mitumba kutafuta hudi la maana, wakajifunza majina ya wachoraji kupitia viatu na kofia, na sasa wanaona sanaa ileile ikiuzwa kama NFT. Hela yao ni ya mawazo, si ya kuchezea. Basi jibu langu hili hapa, kwa ukamilifu.

Tuanze na unachonunua. NFT ni kumbukumbu katika daftari la pamoja, kwa hizi tatu daftari la Ethereum, inayosema tokeni namba fulani ni mali ya pochi fulani ya kidijitali. Kumbukumbu hiyo hakuna anayeifuta kienyeji. Picha ni jambo jingine, haki ya kuichapa ni jambo jingine, na hudi utakaloahidiwa ni jambo jingine tena. Muuzaji huvifunga vyote kwenye furushi moja. Mnunuzi inampasa alifungue, akague kimoja kimoja, kama unavyofungua robota la mitumba.

CloneX ilitoka mwishoni mwa Novemba 2021, tokeni 20,000. Walioitengeneza ni RTFKT, studio iliyoanzishwa 2020 na Benoit Pagotto, Chris Le na Steven Vasilev. Mapema 2021 walikuwa wameshatikisa dunia ya raba: wao na msanii FEWOCiOUS, kijana wa miaka 18, waliuza zaidi ya jozi 600 za viatu vya kidijitali kwa takriban dakika 7, wakapata dola milioni 3.1, na kila mnunuzi akawa na haki ya kupata jozi ya kuvaa kweli. Kwenye CloneX wakamwita Murakami. Wiki chache baadaye, Desemba 2021, Nike ikainunua studio nzima.

Adam Bomb Squad ni ya The Hundreds, kampuni ya mavazi ya Los Angeles iliyoanzishwa 2003 na Bobby Kim na Ben Shenassafar, marafiki waliokutana wakisoma sheria. Bomu lile, Adam Bomb, ndiyo nembo yao ya miaka mingi. Mwaka 2021 waliligeuza kuwa tokeni 25,000.

Azuki ilitoka Januari 2022, tokeni 10,000, nayo kutoka Los Angeles. Miongoni mwa waliobuni sura zake ni Arnold Tsang, aliyewahi kuchora wahusika wa mchezo wa kompyuta wa Overwatch. Hawa hawakuanza na duka la nguo. Walianza na wahusika, wakawavisha.

Tofauti hiyo ya mwanzo ndiyo inayobeba karibu kila kitu nitakachosema.

Mtihani wa fremu

Mimi huipima picha kwa kazi yangu. Kwenye uchapaji wa fremu kila rangi inadai fremu yake: rangi 1, fremu 1, rangi 6, fremu 6, na kila moja lazima ikae juu ya mwenzake bila kusogea hata unene wa uzi. Kwa hiyo mchoro unaosimama kwa rangi moja una nguvu ambayo huwezi kuupa kwa mapambo.

Bomu la The Hundreds linasimama. Lichape kwa nyeusi kwenye fulana nyeupe, lichape kwa nyeupe kwenye fulana nyeusi, lipunguze liwe saizi ya kifungo, utalitambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Nina hudi moja la zamani la kampuni hiyo nililochambua kwenye mitumba ya Karume. Limefuliwa mpaka wino wa utambi umepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, na sehemu ya cheche zimebaki nukta tu. Macho bado yanakukodolea. Nimelitundika ukutani karibu na meza ya kukaushia, na vijana wanaokuja kujifunza kazi huwa nawaonyesha: mchoro mzuri ni ule unaobaki na uso wake baada ya kufuliwa mara 100.

Halafu tazama kinachofanya tokeni moja itofautiane na nyingine. Mabomu yenyewe yana sura mbalimbali ambazo nembo hiyo imepitia, na nyuma ya kila bomu kuna michoro iliyochukuliwa kwenye kumbukumbu za nguo zao wenyewe: mashati, majaketi na fulana za tangu walipoanza. Mtu aliyezoea kanga ataielewa haraka. Bomu ndilo mji, ile michoro ya nyuma ndiyo pindo, na kama kwenye kanga, anayejua pindo anajua kitambaa ni cha mwaka gani. Shabiki wa siku nyingi akiona tokeni fulani anakwambia, "Hili lilikuwa jaketi, nililivaa." Huo ni uhusiano ambao kompyuta haikuuzua kwa kuchanganya sifa. Watu walikuwa wameshauvaa mwilini kabla ya tokeni kuwepo.

Azuki nayo ni uchoraji wa hali ya juu, na hapa mdogo wangu ana jicho. Mistari ni misafi, rangi ni bapa, mikunjo ya hudi inaanguka pale inapopaswa kuanguka begani. Aliyeichora anajua nguo inavyokaa mwilini. Ukitazama kola za majaketi utaona. Kuichapa kwa fremu ni kazi ya fremu nyingi, kwa hiyo ningeipeleka kwenye DTF, yaani kuchapa kwenye filamu kisha kubandika kwa joto, na ingetoka vizuri. Kwa kijana anayechora wahusika usiku kwenye daftari, kila Azuki ni somo la kuvisha mtu.

CloneX kwenye fulana hufa. Sisemi ni mbaya. Imejengwa kwa mwanga na kivuli, ngozi inayong'aa, miwani inayoakisi, na vitu hivyo wino wa kawaida haubebi. Inapoishi ni kwenye skrini. Wenye CloneX walipewa mafaili ya pande tatu ya wahusika wao, hivyo anayejua kutumia programu za uhuishaji aliweza kumgeuza, kumtembeza, kumweka ndani ya video. Kwa mtu wa namna hiyo ni malighafi ambayo zile mbili nyingine hazimpi.

Kuhusu Murakami, mnunuzi ajue jambo moja. Jina lake limo kwenye mkusanyo mzima, mkono wake haumo kwenye kila tokeni. Zipo zenye macho yake, midomo yake, au mavazi yenye michoro yake, na ipo jamii nzima ya wahusika iliyopewa jina lake, kando ya binadamu, roboti, malaika na wengine. Nyingine hazina chochote cha kwake. Murakami ndiye aliyejenga daraja kati ya nyumba za sanaa na mavazi tangu alipoipaka mikoba ya Louis Vuitton rangi mwaka 2003. Kama unamtaka yeye, basi kagua sifa za tokeni moja moja. Kununua CloneX isiyo na chake kwa sababu ya jina lake ni kama kununua tiketi ya tamasha ukaishia kukaa uwanja wa jirani.

Picha inalala wapi?

Hapa ndipo watu wengi huumia, na nitakaa kidogo.

Picha ni nzito mno kuwekwa ndani ya Ethereum, hivyo tokeni hubeba anwani tu ya faili la maelezo linaloelekeza mahali picha ilipo. Unaweza kuiona anwani hiyo mwenyewe bila kuwa mtaalamu. Fungua Etherscan, tovuti ya kusomea daftari la Ethereum, kwenye simu, tafuta mkataba rasmi wa mkusanyo, ingia sehemu ya kusoma mkataba, shuka hadi palipoandikwa tokenURI, andika namba ya tokeni unayoitaka. Jibu litakuja kama mstari mmoja. Tazama herufi za mwanzo.

Ukiona ipfs:// maana yake anwani imetokana na faili lenyewe. Mtu akibadilisha hata nukta moja kwenye faili, anwani inakuwa nyingine. Hakuna wa kubadilisha faili lililo kwenye anwani hiyo kimyakimya. Bado lazima awepo mtu anayehifadhi nakala kwenye kompyuta yake, na mtu huyo unaweza kuwa wewe. Ukiona ar:// ni Arweave, ambako malipo ya kuhifadhi kwa muda mrefu hufanyika mara moja mwanzoni. Ukiona https:// ya kawaida, picha yako imo kwenye seva ya mtu, na itakuwepo maadamu mtu huyo analipa bili.

Azuki zile 10,000 za mwanzo zimewekwa kwenye ipfs. CloneX ilitegemea seva za studio, kupitia huduma ya Cloudflare. Desemba 2024 RTFKT ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake. Aprili 2025 watu wakafungua pochi zao asubuhi wakakuta picha za CloneX hazipo. Mahali pa uso wa mhusika palikuwa na maandishi yanayosema maudhui yamezuiwa kwa kukiuka masharti ya huduma. Mkuu wa teknolojia wa RTFKT, Samuel Cardillo, akajitokeza kueleza kuwa shida ilikuwa kwenye huduma hiyo ya Cloudflare na kwamba kazi ya kuhamishia picha Arweave ilikuwa njiani. Picha zikarudi.

Lakini fikiria hali ile. Tokeni iliwahi kuuzwa kwa zaidi ya ETH 10 (ETH ni sarafu ya Ethereum), kampuni mama ilikuwa mojawapo ya kubwa kuliko zote duniani kwenye viatu, na picha ikatoweka kwa sababu ya mpangilio wa akaunti ya mtandaoni. Kumbukumbu kwenye daftari haikuguswa. Uso ndio ulioondoka. Mimi nimewahi kupoteza michoro ya wateja ya miaka miwili kwa sababu diski moja ilikufa na sikuwa na nakala, kwa hiyo najua kinachomkaba mtu kooni anapofungua faili akakuta tupu. Ukinunua yoyote kati ya hizi tatu, siku hiyohiyo pakua picha katika ubora wake wa juu, weka nakala mbili mahali tofauti. Kwa CloneX ongeza mafaili ya pande tatu, kama yanapatikana kwa tokeni yako.

Kitu cha kushika mkononi

Mavazi ya mtaani bila nguo ni nusu ya habari, basi tuulize kila mmoja alitoa nini.

RTFKT walitoa vingi kuliko wote. Mwaka 2022 wenye CloneX walifunguliwa dirisha la kuagiza mavazi kulingana na jamii ya mhusika wao, na mwishoni mwa mwaka huo zikaja Cryptokicks iRL, raba zinazojifunga kamba zenyewe, bei dola 450 kwa jozi. Nilitazama video za kiatu kile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tatizo ni kwamba neno sahihi ni "walitoa". Ukinunua leo, unanunua historia ya madirisha yaliyokwisha fungwa.

Upande wa The Hundreds, nguo ndiyo kazi yao ya kila siku. Mwenye tokeni alipewa nafasi kwenye matoleo ya pekee, na likawekwa jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko hudi la bure: bomu lako mahsusi likichaguliwa kuchapwa kwenye nguo wanazouza, nawe unapata mgawo wa mauzo. Fikiria maana yake. Kwa kawaida shabiki huvaa nembo na kuitangaza bure maisha yake yote. Hawa wakasema shabiki naye aonje.

Azuki walikuja na jambo la kiufundi ambalo mtu wa Kariakoo ataliheshimu. Oktoba 2022 walitambulisha tokeni inayofungwa na kitu halisi kupitia chipu. Mfano wa kwanza ulikuwa mbao 9 za skeiti zilizopakwa dhahabu, 8 kati yake zikauzwa kwa mnada. Baadaye chipu ikaingia kwenye mavazi. Chipu ina ufunguo wake wa siri ndani. Unaigusisha simu, chipu inatia saini, na tokeni inahamia kwenye pochi yako. Asiye na nguo mkononi hawezi kuihamisha. Hapa kwetu mteja hugeuza lebo nje ndani, anakagua mshono, ananusa kitambaa, na bado anauziwa feki. Nguo inayojieleza yenyewe kwa simu ni wazo ambalo ningependa litufikie, hata kama kwa jina la kampuni nyingine.

Wapo pia adidas, waliotoa Into the Metaverse Desemba 2021, tokeni 30,000 kwa ETH 0.2 kila moja, wakishirikiana na majina ya ulimwengu wa NFT: Bored Ape Yacht Club, gmoney na PUNKS Comic. Siwaweki kwenye ulinganisho huu kwa sababu picha ilikuwa moja kwa wote, na ili udai hudi, traksuti na kofia ya sufu ilibidi tokeni yako ichomwe upewe ya awamu inayofuata. Ilikuwa kuponi iliyovaa vizuri. Aliyetaka nguo alifaidi; aliyetaka sanaa hakuwa na cha kuning'iniza.

Kabla hujahesabu nguo yoyote kama sehemu ya thamani, soma orodha ya nchi wanazopeleka mzigo. Kama Tanzania, Kenya au Kongo haimo, utahitaji ndugu Marekani, Uingereza au Dubai wa kukupokelea, na ushuru wa forodha utalipa mwenyewe.

Naweza kuichapa?

Mdogo wangu aliuliza hili kabla hata ya bei, na ni swali la haki. Kumiliki tokeni hakukupi hakimiliki ya picha. Unapewa leseni, na leseni hizi hazifanani.

Azuki ndiyo iliyo wazi zaidi kwa mtu wa kazi zetu: mwenye tokeni anaruhusiwa kumtumia mhusika wake kibiashara. Ukichapa fulana 50 zenye Azuki wako ukauza, uko ndani ya masharti maadamu tokeni ni yako. CloneX kwa masharti yake ya awali iliruhusu biashara hadi dola milioni 1 kwa mwaka, lakini zile zenye sifa za Murakami hazikupewa ruhusa hiyo. Yaani zile zenye mkono wa msanii mkubwa, ambazo ndizo ungetamani kuchapa, ndizo zilizofungwa.

Bomu la The Hundreds ni nembo ya biashara ya kampuni. Wanakugawia wanapochapa wao. Usichape wewe bila kibali. Na wasanii wetu wanaofikiri kuwa kazi ya kidijitali haiguswi na sheria za nembo wakumbuke kesi ya Hermès, watengenezaji wa mikoba ya kifahari ya Birkin, dhidi ya msanii wa MetaBirkins: Februari 2023 baraza la mahakama New York liliona amekiuka nembo na kumwamuru alipe dola 133,000 kwa kuuza picha 100 za mikoba yenye manyoya iliyofanana na Birkin.

Nani amebaki mezani?

Ushirikiano wa msanii na kampuni ya mavazi ni ndoa, na kinachoniuma ni kuona msanii akiachwa na sifa tu. NFT zilikuja na ahadi nzuri sana kwa wachoraji: kila picha inapouzwa tena, aliyechora anapata mrabaha. Mchoraji anayeuza kazi kwa mtalii hapati senti nyingine hata kazi hiyo ikiuzwa mara mia. Kisha Agosti 2023 OpenSea, soko kubwa la NFT, likatangaza kuacha kuulazimisha mrabaha huo. Muuzaji akitaka alipe, asipotaka asilipe. Bobby Kim alikuwa ameshaweka msimamo mapema: Novemba 2022 The Hundreds walifuta uzinduzi wao kwenye soko hilo siku ya mwisho kwa sababu halikuwa limesema wazi litawalinda vipi wasanii. Walikataa pesa iliyokuwa mezani. Nawaheshimu kwa hilo, na kwangu ni sehemu ya thamani ya bomu.

Azuki walikosea mara mbili hadharani. Mei 2022 mwanzilishi wao, anayejiita Zagabond, alikiri mwenyewe kwamba aliwahi kuanzisha miradi mingine akaiacha, na bei ikaanguka. Juni 2023 wakatoa Elementals, wakakusanya takriban dola milioni 38 ndani ya robo saa, na wanunuzi walipoona picha wakagundua zinafanana mno na Azuki za mwanzo. Aliyenunua ya kwanza akihisi anamiliki kitu adimu, akaona pacha wake kaletwa sokoni. Kwa macho ya mchapaji, hilo ni sawa na kumuuzia mteja fulana "toleo la mwisho" kisha kurudisha fremu ileile mezani kesho yake.

Nike wenyewe walilifunga duka la RTFKT, na Aprili 2025 kundi la wanunuzi lilifungua kesi dhidi yao katika mahakama ya shirikisho huko Brooklyn, wakidai zaidi ya dola milioni 5 kwa hoja kwamba thamani ya tokeni zao ilianguka baada ya kampuni kujiondoa. Kampuni ikiwa kubwa ina mambo mengi ya kushughulikia, na sanaa ya kidijitali ilikuwa moja tu. Kwa The Hundreds, bomu ndilo jina lao. Wakiliacha wamejiacha.

Kuhusu pesa sitasema mengi. CloneX na Azuki zote zilipita ETH 10 mwaka 2022, na zote leo ni sehemu ndogo ya bei ile. Weka hesabu zako kana kwamba hutauza tena. Juu ya bei kuna ada ya mtandao, inayopanda watu wakiwa wengi, basi nunua saa za utulivu. Tanzania, tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali, na Benki Kuu ilishatoa tahadhari 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali. Kenya iliiondoa kodi yake ya asilimia 3 mwaka 2025 na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma. Yale maneno 12 ya siri ya pochi yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha, usimwonyeshe hata fundi simu.

Mimi, nikiwa na hela ya moja tu, nachukua Adam Bomb. Nachukua lenye pindo la zamani, kwa sababu ni mchoro uliopita kwenye nguo kabla ya kupita kwenye skrini, na waliouchora bado wanashona. Hata bei ikifika sifuri ningelitazama bomu hilo kila asubuhi karibu na lile hudi langu la Karume.

Kwa mdogo wangu jibu ni jingine. Yeye anachora wahusika, na anataka kuwachapa na kuwauza kwa jina lake. Achukue Azuki ya mkusanyo wa kwanza, si Elementals, achague ambayo nguo yake inamfundisha kitu. CloneX ningemshauri tu angekuwa mtu wa uhuishaji, au mpenzi wa Murakami aliyepata yenye macho yale kwa bei ya kutoumiza, akaweka nakala za mafaili yote kabla ya kulala.

Jumamosi hii anakuja tena. Nimemwambia alete namba tatu za tokeni alizozipenda, tukae na Etherscan, tusome tokenURI ya kila moja kwa sauti, kabla hajatuma senti.